Mlimani au Ardhi: jinsi ya kuamua unapochaguliwa na vyuo vyote viwili

Kila mwaka, udahili wa awamu ya kwanza unapokamilika, wapo wahitimu wa kidato cha sita wanaokuta majina yao katika orodha za vyuo viwili au zaidi, nao hupewa siku chache tu za kuchagua kimoja. Kwa aliyeomba kusomea ubunifu majengo, ukadiriaji majenzi (ukokotoaji wa gharama za ujenzi), jiomatiki (upimaji wa ardhi na utengenezaji ramani) au uhandisi ujenzi jijini Dar es Salaam, vyuo hivyo huweza kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, na Chuo Kikuu Ardhi. Vyote ni vya umma, vyote viko kwenye kilima kimoja, na mtu anaweza kutoka kimoja kwenda kingine kwa miguu. Ukaribu huo unafuta maswali mengi yanayowasumbua wanaochagua vyuo, kama vile nauli ya kutoka mkoani, gharama za maisha ya mji na ndugu wa kufikia. Yanayobaki yanahusu fani yenyewe na namna inavyofundishwa.

Kabla ya yote, weka kando ukubwa wa jina. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeupata umaarufu wake kihalali: kilianza Oktoba 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kikawa chuo kikuu kamili cha taifa tarehe 1 Julai 1970, na kitivo chake cha uhandisi kilianzishwa mwaka 1973. Ardhi, kwa upande wake, hudhaniwa na wengi kuwa chuo kichanga kwa sababu kilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2007, ilhali mizizi yake ni ya mwaka 1956, kilipoanza kama shule ya kuwafunza mafundi sanifu wa upimaji ardhi. Kuanzia mwaka 1996 hadi 2007 kilikuwa chuo kishiriki cha Mlimani yenyewe, kikijulikana kama UCLAS, kwa hiyo mthamini au mbunifu majengo aliyehitimu pale katika miaka hiyo ana shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ingawa alisomea katika majengo ya Ardhi. Mjomba anayekusisitiza ukimbilie jina aulizwe kwanza kiwanja chake kilipimwa na wahitimu wa wapi.

Hatua ya kwanza ya vitendo ni kupakua Mwongozo wa Udahili unaotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania na kufungua kurasa za vyuo vyote viwili. Humo utaona, kwa kila programu, sifa za kujiunga, muda wa masomo na idadi ya nafasi. Soma jina la programu neno kwa neno, kwa kuwa programu mbili zinazofanana majina huweza kutofautiana katika masomo ya lazima, na hata katika miaka utakayokaa chuoni. Mwaka mmoja wa ziada ni ada ya mwaka mzima pamoja na mwaka mmoja wa kuchelewa kupata mshahara, jambo ambalo mzazi anayelipa ana haki ya kulijua mapema.

Baada ya hapo tafuta prospektasi ya kila chuo, ambayo ndiyo inayoorodhesha masomo ya kila muhula. Chukua karatasi, igawe katikati kwa mstari, kisha andika masomo ya mwaka wa kwanza hadi wa mwisho ya Mlimani upande mmoja na ya Ardhi upande wa pili. Masomo yanayolingana yakate kwa kalamu. Yatakayobaki bila kukatwa ndiyo tofauti halisi kati ya vyuo hivyo viwili kwa upande wako, na mara nyingi huwa ni machache kuliko ulivyodhani. Yasome hayo kwa makini zaidi kuliko kitu kingine chochote, hasa yale ya mwaka wa tatu na wa nne, kwa sababu masomo ya mwanzo, yaani hesabu, michoro ya kiufundi na stadi za mawasiliano, hufanana karibu kila mahali.

Utakapofanya hivyo utaanza kuona jambo ambalo majina ya programu hayalisemi: fani ileile inakaa na majirani tofauti. Mlimani, uhandisi ujenzi uko ndani ya Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia, pamoja na umeme, mitambo na kemikali, na mwanafunzi wake anakulia katika mazingira ya wahandisi. Ardhi, mhandisi ujenzi anasoma jirani na watu wa mipango miji, uthamini, usimamizi wa ardhi na uhandisi wa mazingira, watu ambao atakutana nao tena kazini katika kila mradi wa barabara au wa makazi. Kwa anayetaka kubuni madaraja au kuendelea na utafiti wa miundo, mazingira ya kwanza yana uzito zaidi. Kwa anayejiona katika halmashauri, katika miradi ya urasimishaji makazi au katika kampuni ya uendelezaji milki, naona ya pili yanamfaa zaidi, hata kama shangazi zake wote watasikitika.

Suala hili linajitokeza kwa uzito zaidi katika ubunifu majengo, na hapo usiamue kabla ya kuingia studio. Fani hii haijifunzwi ukumbini kwa kunakili. Hujifunzwa mezani, kwa kuchora, kufuta na kuchora tena, kisha kusimama mbele ya jopo la wahadhiri na kutetea ulichokichora huku kikiwa kimebandikwa ukutani. Nenda katika studio ya mwaka wa pili ya kila chuo, ikiwezekana wiki ambayo kazi zinakusanywa. Tazama kama kila mwanafunzi ana meza yake au wanapokezana. Tazama modeli zilizopangwa kando, zile za kadibodi nyeupe zilizokatwa kwa wembe na kuunganishwa kwa gundi, na uulize ni za mwaka huu au ni mapambo ya miaka iliyopita. Muulize aliyeinama mezani studio hufungwa saa ngapi usiku, mhadhiri hupita mara ngapi kwa wiki kuangalia kazi ya mtu mmoja mmoja, na uchapishaji wa karatasi moja ya A1 humgharimu kiasi gani. Jibu la swali la mhadhiri ndilo ningelipa uzito kuliko yote, kwa kuwa wanafunzi wengi mbele ya mwalimu mmoja maana yake ni mchoro wako kuangaliwa kwa haraka.

Wa jiomatiki naye ana lake la kuuliza. Hesabu vifaa vya kupimia vilivyopo, gawanya kwa idadi ya makundi ya darasa, kisha uulize ni siku ngapi za uwandani ambazo mwanafunzi anashika kifaa mwenyewe badala ya kushikilia fimbo ya kupimia kwa ajili ya mwenzake.

Jambo linalofuata ni bodi za kitaaluma, na wengi hulikumbuka wakiwa wamekwisha hitimu. Shahada peke yake haikupi haki ya kujiita mhandisi au mbunifu majengo mbele ya sheria ya Tanzania. Wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi wana bodi yao iliyo chini ya sheria ya mwaka 2010, wathamini wanasimamiwa kwa sheria ya mwaka 2016, na wahandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambayo pia huendesha mpango wa mafunzo ya miaka 3 kwa wahitimu wanaojiandaa kusajiliwa kama wahandisi wataalamu. Hakikisha kwamba programu unayoitaka inatambuliwa na bodi husika, tena ulize bodi yenyewe na si dawati la udahili. Kama pande zote mbili zinatambuliwa, suala hili limekwisha na usiliongezee wasiwasi.

Kwa baadhi ya waombaji, kusema kweli, hakuna mtanziko wowote. Anayetaka mipango miji na mikoa, usimamizi wa ardhi na uthamini, au usanifu wa mandhari, aende Ardhi, kwa sababu hizo ndizo fani ambazo chuo kile kimejengwa juu yake. Ambaye bado hajui kama anautaka ujenzi au angependa umeme au mitambo, Mlimani inampa milango mingi zaidi ya kuhamia ndani ya chuo kilekile, ingawa kuhama programu kunategemea ufaulu wake wa kidato cha sita na nafasi zilizopo, na hufanyika mapema mwanzoni mwa mwaka wa kwanza.

Kuhusu fedha, linganisha ada zilizotangazwa na vyuo vyenyewe, pamoja na michango midogo midogo isiyoitwa ada. Mkopo wa Bodi ya Mikopo hupangwa kwa kuangalia uhitaji wa mwombaji na fani anayosoma, na ndani yake kuna fungu la mahitaji maalumu ya kitivo, mbali na bumu la chakula na malazi. Waulize wanafunzi wa mwaka wa pili kama fungu hilo linatosha vifaa vya studio na uchapishaji, au bumu ndilo linaloliwa na karatasi. Malazi yahitaji swali moja tu, nalo ni uwezekano wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kupata kitanda. Mlimani wana mabweni ya ndani, Hosteli ya Mabibo iliyo nje ya kampasi, na hosteli zilizofunguliwa Aprili 2017 zenye nafasi 3,840, lakini wanafunzi wao pia ni wengi mno. Ukikosa bweni, wa vyuo vyote viwili mtagombea vyumba vilevile vya Makongo, Changanyikeni, Msewe na Sinza, kwa bei zilezile.

Ukishaamua, usisubiri siku ya mwisho ya kuthibitisha, kwa sababu mifumo huelemewa. Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba maalumu ya siri kwa ujumbe mfupi wa simu au kwa baruapepe. Ingia katika akaunti yako ya chuo ulichokichagua, iweke namba hiyo, kisha ufungue tena akaunti kuhakikisha kwamba hali yako inaonyesha umethibitisha, na uhifadhi picha ya ukurasa huo. Kama fomu ya maombi ulijaziwa stesheneri, angalia leo hii, kabla hata ya kuilinganisha studio moja na nyingine, ni namba ya nani iliyoandikwa pale. Wapo wahudumu wanaojaza namba zao wenyewe ili kuharakisha kazi, na namba ya siri huenda ikaingia katika simu ya mtu ambaye hakumbuki hata sura yako. Ukikuta ndivyo ilivyo, wahi ofisi ya udahili ya chuo husika ukiwa na cheti cha kidato cha nne, ambacho namba yake ya mtihani ndiyo inayokutambulisha katika mfumo, uombe mawasiliano yako yarekebishwe.