Unatumia dawa za akili na usingizi hauji? Nenda kliniki na daftari

Ukifika mbele ya daktari ukasema "sipati usingizi" ukaishia hapo, na foleni imejaa nje, utatoka na vidonge vya usingizi na tarehe ya kurudi. Daktari hakupewa kingine cha kushika. Kwa anayeishi na sonona, baipola au skizofrenia, usingizi huweza kufukuzwa na ugonjwa wenyewe, na dawa, au na mazoea ya kitandani, na kila kimoja kina tiba yake.

Chukua daftari la kawaida, uandike kwa wiki mbili (hali ikiwa mbaya usingoje, nenda na ulichonacho). Andika asubuhi, mstari mmoja tu: saa uliyopanda kitandani, saa unayodhani ulilala, mara ulizoshtuka, saa uliyoamka, usingizi wa mchana, chai, kahawa, mirungi au pombe, na kila dawa na saa yake. Mfano:

"Jumanne. Kitandani saa 4 usiku, usingizi saa 7. Nimeshtuka mara 2. Nimeamka saa 11 alfajiri. Chai ya rangi saa 2 usiku. Fluoxetine saa 3 usiku."

Kadiria tu, kuchungulia simu kila baada ya nusu saa ndiko kunakokesha watu. Na mstari huo tayari umesema mengi. Mbali na ile chai, fluoxetine, dawa ya sonona, huwachangamsha wengi, ndiyo maana kwa kawaida humezwa asubuhi. Olanzapine na chlorpromazine, dawa za skizofrenia na mania (msisimko uliopitiliza wa baipola), ni kinyume chake, husinzisha. Ukizimeza asubuhi utalala mchana na usiku utakodoa macho. Muulize daktari au mfamasia kama saa inaweza kuhamishwa. Usihamishe wala kuacha mwenyewe.

Haloperidol, nayo dawa ya skizofrenia, ina mtego wake. Baadhi ya watu miguu haitulii: akilala anaisugua, akikaa anaitikisa, mpaka ainuke azunguke chumbani. Ukilieleza hilo kama "wasiwasi", dozi inaweza kupandishwa na miguu ikazidi. Sema hivi: "Miguu inanilazimisha nitembee, ilianza baada ya dawa hii." Madhara hayo yanatibika.

Funga kwenye mfuko mmoja pakiti zote unazotumia, hata za maradhi mengine. Prednisolone ya pumu, kwa mfano, nayo humkosesha mtu usingizi. Mkilala wawili, njoo na mwenzako. Ndiye anayejua kama unakoroma kisha pumzi inakatika, na mwenye tatizo hilo vidonge vya usingizi vinaweza kumzidishia.

Kuna hali zisizongoja tarehe ya kliniki. Umelala kwa muda wa saa tatu tu lakini huchoki, maneno yanakimbia, pesa zinatoka ovyo: kwa mwenye baipola hiyo huweza kuwa mania inaanza, nenda leo. Vivyo hivyo zikirudi sauti unazosikia wewe peke yako. Yakija mawazo ya kujiua, mwamshe mtu wa nyumbani usiku huo huo, mkabidhi dawa zote, na akusindikize hospitali, kitengo cha dharura.

Diazepam (kidonge cha kutuliza) ya dukani na amitriptyline (dawa ya sonona) ya jirani usizianze. Ya kwanza huleta utegemezi, ikichanganywa na pombe hupunguza pumzi, na aliyeitumia kwa wiki nyingi akiikata ghafla anaweza kupata degedege. Ya pili inaweza kuamsha mania kwa mwenye baipola.

Uliza pia kama kuna tiba ya mazungumzo ya kukosa usingizi. Misingi yake unaweza kuianza nyumbani: amka saa ile ile kila siku, hata Jumapili, panda kitandani macho yakiwa mazito, ukihisi zimepita kama dakika 20 bila usingizi, toka, kaa penye mwanga hafifu bila simu, rudi ukisinzia. Siku za mwanzo huwa ngumu, na nafuu huchukua wiki kadhaa. Sehemu moja ya tiba hiyo, ya kupunguza makusudi saa za kuwa kitandani, mwenye baipola asiijaribu bila msimamizi, kwa sababu kukosa usingizi kwenyewe kunaweza kuwasha mania.

Ukiandikiwa vidonge vya usingizi hata hivyo, usiinuke kwenye kiti kabla ya kuuliza matatu: nitumie siku ngapi, nitaacha kwa kupunguza vipi, na nirudi lini hata kama nimeanza kulala?