Jinsi ya kusoma rekodi ya farasi bingwa wa mbio (mfano wetu Secretariat)

Watu wengi wakitaka kujua kama farasi fulani alikuwa bingwa kweli wanakimbilia namba moja tu, ameshinda mara ngapi, na kama hajawahi kufungwa basi mjadala umeisha. Mimi naona hapo ndo wanapotea kabisa. Kuna farasi jike wa Marekani anaitwa Peppers Pride, alikimbia mara 19 akashinda zote 19, rekodi safi haina hata doa, lakini mbio zake zote zilikuwa za farasi waliozaliwa jimbo la New Mexico peke yake. Alafu kuna Secretariat, farasi dume wa Marekani, kakimbia mara 21 kashinda 16, yaani kafungwa mara 5, na bado ukiuliza wazee wa mchezo huu wengi watakwambia hajatokea kama yeye. Sasa tuone unasomaje karatasi ya farasi, yaani rekodi ya mbio zake, mpaka uelewe kwanini.

Kabla ya yote angalia umri na umbali. Farasi wa damu ya thoroughbred (aina inayofugwa kwa ajili ya mbio) wote wa kaskazini mwa dunia wanahesabiwa wametimiza mwaka kila Januari 1, hata kama kazaliwa Mei, kwaiyo mbio za farasi wa miaka miwili zinaweza kuwa na watoto waliopishana miezi kadhaa na mwili unaonekana kabisa. Secretariat alizaliwa Machi 30, 1970 huko Virginia, baba yake Bold Ruler na mama yake Somethingroyal. Upande wa baba kulikuwa na maneno, watu walisema watoto wa Bold Ruler wana kasi lakini mbio zikirefuka wanakata pumzi. Weka hilo akilini maana huwezi kuelewa ukubwa wa alichofanya 1973 kama hujui kwamba wengi hawakutegemea angeweza umbali ule.

Baada ya hapo nenda moja kwa moja kwenye mbio alizofungwa. Ndio, anza na vipigo. Ushindi unakuonyesha farasi siku kila kitu kimekaa sawa, kipigo kinakuonyesha mazingira, afya, na maamuzi ya watu waliomzunguka. Kwa kila kipigo jiulize: alianzaje, njia ilikuwaje, nani alimshinda, alikuwa mzima?

Mbio yake ya kwanza Julai 4, 1972 pale Aqueduct, New York, alimaliza wa nne. Ukiona namba 4 tu unasema farasi wa kawaida, ila ukisoma maelezo unakuta aligongwa vibaya mara tu mageti yalipofunguka, akabaki nyuma, na bado akamaliza nyuma ya mshindi kwa urefu wa farasi mmoja na robo tu. Siku 11 baadae akarudi akashinda kwa urefu wa farasi 6. Kipigo cha pili mwaka huo ni Champagne Stakes, na hapo hata hakupitwa mbele ya mstari, alimaliza wa kwanza ila waamuzi wakamshusha kuwa wa pili kwa kumbughudhi mwenzake. Kwaiyo ile "2" kwenye karatasi ni adhabu. Mwisho wa mwaka alipewa tuzo ya Farasi wa Mwaka akiwa na miaka miwili tu, kitu ambacho hakitokei mara nyingi.

Cha tatu ndo mimi nakipenda zaidi kwa kufundishia. Aprili 1973, Wood Memorial, alimaliza wa tatu nyuma ya Angle Light na Sham, wiki mbili kabla ya Kentucky Derby, mbio kubwa ya farasi wa miaka mitatu. Watu wakasema si tuliwaambia, damu ya Bold Ruler hiyo. Kumbe alikuwa na jipu ndani ya mdomo wa juu. Fikiria farasi ana jipu hapo alafu unamvalisha lijamu na kumvuta hatamu, kila mpanda farasi akitaka kumwongoza anamuumiza, atakimbiaje? Jipu likapona, na wiki mbili baadae akashinda Derby. Ndo maana nasema usimhukumu farasi kwa namba ya nafasi peke yake, tafuta ripoti ya daktari wake kama ipo.

Vipigo viwili vya mwisho vilikuwa vya nusu ya pili ya 1973 na vyote alifungwa na farasi wa mkufunzi mmoja, Allen Jerkens, mzee aliyekuwa na sifa ya kuangusha vigogo. Whitney Stakes pale Saratoga alifungwa na Onion, na baadae ikajulikana alikuwa na homa. Woodward alifungwa na Prove Out, na hii ina stori yake, maana aliyepangwa kukimbia siku ile ni mwenzake wa banda moja Riva Ridge, mvua ikanyesha njia ikawa matope na Riva Ridge hapendi matope, basi akaingizwa Secretariat badala yake. Hapo unasoma uamuzi wa mkufunzi Lucien Laurin zaidi ya unavyosoma uwezo wa farasi.

Ukimaliza vipigo sasa njoo kwenye muda, na hapa usiangalie muda wa mwisho peke yake, angalia vipande. Kentucky Derby ni maili moja na robo, yaani robo maili tano. Farasi wa kawaida anaanza kwa kasi alafu anachoka, kila robo inakuwa nzito kuliko iliyopita. Angalia ya Secretariat Mei 5, 1973: sekunde 25.2, kisha 24, kisha 23.8, kisha 23.4, na ya mwisho 23. Kila robo ni nyepesi kuliko iliyotangulia, yaani farasi alikuwa bado anaongeza kasi wakati anakaribia mstari! Jumla dakika 1 na sekunde 59.4, rekodi ya Derby ambayo hata leo haijavunjwa.

Tahadhari moja kuhusu saa. Preakness ya mwaka ule, mbio kubwa iliyofuata Derby, mashine ilikosea, ikatoa 1:55, watu waliopima kwa mkono wakakataa, ikarekebishwa kuwa 1:54.4, na mwaka 2012 tume ya mbio ya Maryland ikakubali rasmi kwamba muda halali ni 1:53. Kwaiyo ukikuta vitabu viwili vinatofautiana usishangae, angalia kimechapishwa lini.

Alafu Belmont Stakes, Juni 9, 1973, na hii naomba uisome taratibu kwa sababu ukiielewa hii umeelewa karatasi yoyote. Umbali maili moja na nusu, farasi watano tu. Sham na Secretariat walitoka pamoja wakaanza kuchapana mapema mno, robo tatu ya kwanza ya maili ikapita kwa dakika 1 na sekunde 9.8, mwendo ambao kwa mbio ndefu vile unaonekana ni wa kujimaliza. Na kweli Sham aliisha, akamaliza wa mwisho. Lakini Secretariat hakupunguza. Maili moja 1:34.2, maili na robo 1:59, yaani njiani tu kapita umbali wa Derby kwa haraka kuliko rekodi yake mwenyewe ya mwezi mmoja nyuma. Ron Turcotte aliyekuwa mgongoni kwake hakuwa anamchapa, kuna picha maarufu inamuonyesha amegeuza kichwa kushoto kuangalia saa ya uwanjani, sababu nyuma yake hapakuwa na mtu wa kumtazama. Alishinda kwa urefu wa farasi 31 kwa muda wa 2:24 kamili. Rekodi ya zamani ya Belmont ilikuwa 2:26.6, ya Gallant Man mwaka 1957. Kwa hesabu ya haraka ya watu wa mbio, sekunde moja ni kama urefu wa farasi watano, kwaiyo aliyekuwa anashikilia rekodi angemaliza kama urefu wa farasi 13 nyuma yake. Hii hesabu jifunze kuifanya, inasaidia sana ukilinganisha farasi ambao hawajawahi kukutana. Ila usilinganishe muda wa uwanja mmoja na mwingine kana kwamba ni sawa, udongo unatofautiana na kona zinatofautiana.

Ushindi ule ulimpa Triple Crown, mbio tatu za Derby, Preakness na Belmont ndani ya wiki tano, na hakuna aliyekuwa amezichukua zote tangu Citation 1948.

Pia angalia farasi amewahi kubadilisha mazingira au alikaa kwenye raha yake tu. Black Caviar wa Australia ni maajabu, mara 25 bila kufungwa, lakini hakuwahi kukimbia zaidi ya mita 1400. Simtoi ubingwa hata kidogo, nasema tu umhukumu kama farasi wa mbio fupi. Secretariat mwisho wa 1973 alihamishwa kwenye nyasi akashinda Man o' War Stakes, na mbio yake ya mwisho kabisa, Oktoba 28, akashinda tena kwenye nyasi pale Woodbine, Kanada, akiwa na mpanda farasi mwingine kwa sababu Turcotte alikuwa amefungiwa.

Pesa zipitie haraka tu. Alishinda dola 1,316,808 maisha yake yote, na zawadi za siku hizi ziko mbali sana na za wakati ule, kwaiyo ukipanga mabingwa kwa mapato unapanga miaka tu. Namba yenye maana zaidi ni ile ya hisa: kabla hajaanza kukimbia akiwa na miaka mitatu watu walinunua hisa 32 za uzazi wake, yaani haki ya kumpandisha majike, kwa dola 190,000 kila moja.

Na hapo tunaingia sehemu ambayo wasomaji wengi huiacha, maisha baada ya mbio. Alistaafu shamba la Claiborne, Kentucky, akafa Oktoba 4, 1989 baada ya kuugua laminitisi, ugonjwa mchungu sana wa kwato. Utasikia moyo wake ulikuwa na ratili 22. Daktari aliyempasua alikadiria kwa macho, haukuwekwa kwenye mizani, kwaiyo ukiiandika andika kama makadirio.

Wengi walimlaumu kwamba hakuzaa mwana wa kumrithi njiani, ingawa Risen Star alichukua Preakness na Belmont 1988 na Lady's Secret akawa Farasi wa Mwaka 1986. Kosa lao ni kusoma mstari wa baba tu. Binti yake Weekend Surprise ndo mama wa A.P. Indy, na binti yake Terlingua ndo mama wa Storm Cat, madume wawili waliosambaza damu kila mahali. Kwaiyo ukifungua ukoo wa farasi wa mbio wa leo, shuka upande wa mama vizazi vitano sita nyuma, pita mstari kwa mstari, na mara nyingi jina lake utaliona limejificha huko.