Kuangalia ndege pori ya Kahuzi: simama kwanza

Bandugu ba Bukavu wenye munapenda ndege, haiko lazima kuanzia pori. Anzeni hapa kwetu pembeni ya Ziwa Kivu, na yule ndege mweusi na mweupe mwenye anasimamaka hewani juu ya maji halafu anajirusha kama jiwe kukamata samaki. Yeye njo mwalimu wa jicho: unamuona kwanza bila jumele (darubini), kisha unainua jumele bila kutoa macho kwake. Ukizoea ile, pori haitakusumbua.

Mbele ya kwenda pori ya Kahuzi-Biega, uliza kwanza barabara na parki viko namna gani wiki ile ile, usiende ju mtu alienda mwaka jana. Watu wanaingiliaka pale Tshivanga na munatembea na gide, na gide mwenye anajua sauti za ndege anapita jumele ya bei kali. Toka asubuhi sana, ju kisha saa sita mawingu inashukaka na mvua.

Ndani ya pori wengi wanatembea sana. Simama. Utakaa bila kuona kitu, halafu kwa mara moja majani yote inatikisika, ni kikundi cha ndege za aina mingi zinakula pamoja, zinapita na zinaisha. Chagua moja tu, angalia mdomo, mkia, kifua, kisha ndiyo ingine. Turako wa Ruwenzori anakimbia juu ya tawi, kijani na bluu, na akiruka mabawa inafunguka nyekundu kali, na ile rangi iko na shaba ndani, madini ya kweli kabisa, mimi ile inanishangazaka kila mara.

Kwenye kinamasi usiingie katikati, majani inaonekana ngumu kumbe chini ni maji. Kama kuko njia ya mbao, simameni wote, ju hatua ya mmoja inatetemesha jumele ya mwenzake. Hapo munatafuta ndege mwenye jina ya kisayansi Bradypterus graueri, mdogo, kahawia, kifua cheupe chenye michirizi, anaishi tu vinamasi vya milima ya huku: Kongo, Rwanda, Burundi, Uganda. Utamusikia mbele ya kumuona. Tafadhali usimupigie sauti yake kwa telefone ili atoke, anafikiri mwingine amekuja kumunyanganya mahali, anaacha kula anaanza kupigana na hewa. Mungojee tu. Foto ya telefone mbali hivyo haisaidii, lakini rekodi sauti, andika saa na mahali, kisha umusikilizishe gide mukiwa njiani kurudi.