Ni nani hasa aliyeamua? Hatua za kusoma na kuandika habari za serikali ya Marekani

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kutafsiri na kuhariri habari za Marekani kwa wasomaji wa Kiswahili, na maneno ninayoyafuta mara nyingi kuliko yote ni haya: "Marekani imeamua". Kisarufi hayana kosa. Kosa lake ni kwamba yanamfanya msomaji aamini kuwa kuna chombo kimoja kinachoamua kwa niaba ya nchi nzima, ilhali Katiba iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787 iligawa mamlaka kwa makusudi ili jambo hilo lisiwezekane. Bunge hutunga sheria na kutenga fedha, rais hutekeleza, mahakama hutafsiri sheria. Lakini kila mhimili umepewa pia namna ya kuubana mwingine, na habari nyingi kubwa hutokea pale wanapobanana. Zifuatazo ni hatua ninazozifuata mwenyewe kabla ya kuandika kichwa cha habari, na ndizo ninazowafundisha watafsiri wapya.

Hatua ya 1: Mtaje mtendaji kwa jina lake

Futa neno "Marekani" katika sentensi yako na uweke chombo kilichotenda. Kama ni Bunge, ambalo wengi huliita Kongresi, sema pia ni baraza lipi. Baraza la Wawakilishi lina wajumbe 435 wenye kura, wanaochaguliwa kila baada ya miaka 2, na majimbo yenye watu wengi hupata wajumbe wengi. Seneti ina maseneta 100, wawili kwa kila jimbo, kwa kipindi cha miaka 6, kwa hiyo Wyoming na California zina sauti sawa humo ingawa idadi ya watu wao haikaribiani hata kidogo. Neno "jimbo" lenyewe linahitaji uangalifu, kwa sababu msomaji wa Tanzania hulielewa kuwa eneo la mbunge mmoja. Mimi huliacha liwe la zile sehemu 50 zinazounda Marekani, na eneo la mjumbe wa Baraza la Wawakilishi huliita wilaya ya uchaguzi.

Kuna maneno mengine ambayo kwetu yana maana tayari, na maana hiyo humpotosha msomaji. Waziri wa Marekani hawezi kuwa mbunge, kwa kuwa Katiba inakataza mtu kushika nafasi hizo mbili kwa pamoja. Seneta anayeteuliwa kuwa waziri lazima aache useneta. Spika wa Baraza la Wawakilishi si msimamizi asiyeegemea upande wowote, bali ni kiongozi wa chama chenye wajumbe wengi, naye husukuma ajenda ya chama hicho waziwazi. Kosa ninalolikuta zaidi ni kuiita mahakama ya mwisho ya Marekani "Mahakama Kuu". Tanzania na Kenya, Mahakama Kuu ina mahakama nyingine juu yake, na msomaji atasubiri rufaa ambayo haipo. Andika Mahakama ya Juu.

Hatua ya 2: Itambue karatasi

Uliza ni karatasi gani iliyotolewa: mswada, azimio, sheria, amri ya rais, tangazo la rais au hukumu. Mswada ulioanzia Baraza la Wawakilishi hutanguliwa na herufi H.R., na ule wa Seneti herufi S. Hupelekwa kwanza kwenye kamati, na mingi hufia huko. Ukivuka, hupigiwa kura na baraza zima, kisha huenda baraza la pili, ambako safari huanza upya. Katika Seneti, miswada mingi huhitaji maseneta 60 wakubali kufunga mjadala kabla ya kura yenyewe kupigwa, ndiyo maana chama chenye maseneta 53 kinaweza kushindwa kupitisha jambo ambalo wote 53 wanalitaka. Mabaraza yote mawili lazima yapitishe maneno yale yale, hadi nukta ya mwisho, ndipo mswada uende kwa rais. Rais ana siku 10, bila kuhesabu Jumapili, za kutia saini au kuurudisha kwa kura ya turufu. Akiurudisha, theluthi mbili ya kila baraza inaweza kumpita.

Chukua sheria inayojulikana sana Afrika Mashariki kwa jina la AGOA, iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Ilianza kama mswada H.R. 434, Bill Clinton akautia saini Mei 18, 2000, ukawa sheria namba 106-200. Namba 106 inaonyesha kuwa ilipitishwa na Bunge la 106, na 200 ni nafasi yake katika orodha ya sheria za Bunge hilo. Kila Bunge hudumu miaka 2, na mswada ambao haujapita hadi mwisho wake hufa, hata kama ulibakiza kura moja. Mambo haya yote yanapatikana kwenye tovuti ya Congress.gov, ambako kila mswada una historia yake iliyopangwa kwa tarehe. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii niliwahi kuandika "Bunge lapitisha sheria" kwa mswada uliokuwa umetoka kamatini tu, na wasomaji wenye jamaa zao waliohusika na mswada ule waliandika kuuliza utaanza kutumika lini. Haukupita kamwe. Tangu siku hiyo siandiki neno "sheria" kabla ya kuona saini ya rais, au kura ya theluthi mbili, au siku 10 zilizopita rais akiwa kimya huku Bunge likiwa bado linakutana.

Hatua ya 3: Hesabu ni nani alipaswa kukubali

Hatua hii ndiyo ninayoitilia mkazo kuliko zote, na huwa naifundisha kwa kesi ya mtu mmoja aliyezaliwa Kenya.

Jagdish Rai Chadha alikuwa mtoto wa wazazi wa Kihindi, akiwa na pasi ya Uingereza, kama ilivyokuwa kwa Wahindi wengi wa Afrika Mashariki wa wakati ule. Mwaka 1966 aliingia Marekani kwa viza ya mwanafunzi. Viza iliisha Juni 30, 1972, naye akabaki. Mwaka uliofuata idara ya uhamiaji ilimtaka aeleze kwa nini asifukuzwe nchini. Chadha hakukana kwamba muda wake umekwisha. Aliomba kufukuzwa kwake kusimamishwe, kwa kutumia kifungu cha sheria kilichomruhusu Mwanasheria Mkuu wa Serikali kumwacha mtu aliyeishi nchini miaka 7 mfululizo, mwenye mwenendo mwema, ambaye angepata shida kubwa mno kama angeondolewa. Juni 25, 1974 jaji wa uhamiaji alikubali. Ungedhani jambo limekwisha.

Lakini kifungu hicho kilikuwa na mkia. Orodha ya watu waliosamehewa ilipelekwa Bungeni, na baraza lolote moja, likiwa peke yake, lingeweza kufuta msamaha kwa azimio. Desemba 12, 1975 mwenyekiti wa kamati ndogo ya uhamiaji ya Baraza la Wawakilishi aliwasilisha azimio la kupinga watu 6 kati ya kesi zipatazo 340 zilizopitiwa. Chadha alikuwa mmoja wao. Siku 4 baadaye azimio lilipitishwa bila mjadala na bila kura kuhesabiwa kwa majina. Hata maandishi yake yalikuwa hayajachapishwa ili wajumbe wayasome kabla ya kuamua. Halikupelekwa Seneti. Halikupelekwa kwa rais. Chadha akaamriwa aondoke.

Simama hapo uhesabu. Azimio lile lilibadilisha haki ya mtu kisheria kama sheria inavyofanya, lakini wangapi walikubali? Baraza moja tu. Katiba inataka mabaraza mawili, kisha rais. Hiyo ndiyo hoja iliyopelekwa mahakamani, na ajabu ni kwamba idara ya uhamiaji iliyotakiwa kumfukuza Chadha ilikubaliana naye kuwa kifungu kile kinavunja Katiba, hata ikabidi mabaraza ya Bunge yaingie kwenye kesi ili kujitetea. Mwaka 1980 mahakama ya rufaa ilimpa Chadha ushindi kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Anthony Kennedy, ambaye miaka michache baadaye aliingia Mahakama ya Juu. Mahakama ya Juu yenyewe ilisikiliza hoja mara mbili, na Juni 23, 1983, kwa majaji 7 dhidi ya 2, ikatamka kwamba baraza moja haliwezi kufuta uamuzi kwa njia ile. Jaji Mkuu Warren Burger, aliyeandika hukumu, alikiri kuwa utaratibu wa Katiba ni mzito na wa polepole, lakini akasema uzito huo uliwekwa kwa kusudi. Jaji Byron White alipinga, akisema kuwa hukumu hiyo imeviyumbisha vifungu vya aina hiyo karibu 200 vilivyomo katika sheria nyingine.

Kwa mtafsiri, kesi hii inatoa swali la kuulizwa kila siku: jambo hili lilihitaji ridhaa za nani, na zimepatikana ngapi? Ukisoma kwamba Baraza la Wawakilishi "limelaani" nchi fulani, hesabu yako itakuonyesha kuwa ni azimio la baraza moja, ambalo ni msimamo wa kisiasa na halimlazimishi mtu yeyote.

Hatua ya 4: Tafuta mamlaka ya rais yanatoka wapi

Rais hawezi kutunga sheria kwa saini yake. Amri anayoitoa lazima isimame juu ya Katiba au juu ya sheria ambayo Bunge lilikwisha kuitunga, kwa hiyo isome amri yenyewe: aya zake za mwanzo hutaja sheria inayotegemewa. Mwaka 1952, wakati wa vita vya Korea, Harry Truman aliamuru viwanda vya chuma vichukuliwe na serikali ili mgomo usikatize uzalishaji. Haikuonekana sheria yoyote iliyompa uwezo huo, na Juni 2 mwaka huo Mahakama ya Juu ikaibatilisha amri yake kwa majaji 6 dhidi ya 3.

Linganisha na AGOA, ambako Bunge lenyewe lilimkabidhi rais kazi ya kupima ni nchi zipi zinastahili. Ndiyo maana Burundi ilipoondolewa kuanzia Januari 1, 2016, na Uganda kuanzia Januari 1, 2024, hapakuwa na kura yoyote Bungeni. Kuhusu Uganda, Rais Biden aliliarifu Bunge kwa barua ya Oktoba 30, 2023.

Hatua ya 5: Tenganisha ruhusa na fedha

Sheria inayoanzisha mpango si sheria inayoupa fedha. Mpango wa kupambana na UKIMWI uitwao PEPFAR, uliozigusa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda tangu mwanzo, uliruhusiwa kwa sheria ya Mei 2003 iliyotaja dola bilioni 15 kwa miaka 5, lakini fedha zenyewe ziliendelea kutengwa mwaka kwa mwaka kwa sheria nyingine. Usimwambie msomaji kuwa fedha zimetoka mpaka uone sheria hiyo ya pili.

Hatua ya 6: Uliza hukumu ni ya ngazi gani na inamfikia nani

Mahakama za mwanzo za shirikisho ni 94, za rufaa ni 13, na juu yake kuna majaji 9 walioteuliwa na rais na kuthibitishwa na Seneti, wasio na ukomo wa miaka. Mahakama ya Juu huchagua kesi: majaji 4 wakitaka, inasikilizwa. Ikikataa kusikiliza rufaa, haijasema kwamba hukumu ya chini ilikuwa sahihi, ingawa vichwa vingi vya habari huandika hivyo. Angalia pia zuio linamlinda nani. Juni 27, 2025 Mahakama hiyo iliamua kuwa majaji wa chini, kwa kawaida, hawawezi kuzuia amri ya rais kwa nchi nzima bali kwa walalamikaji waliofika mbele yao. Njia ya watu wengi kushtaki kwa pamoja kama kundi bado ipo, kwa hiyo soma ni nani waliotajwa.

Hatua ya 7: Andika upya

Jaribu na kichwa hiki: "Marekani yaiadhibu Rwanda kwa kukataa mitumba." Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani kililalamika kwa Ofisi ya Mwakilishi wa Biashara, ambayo iko chini ya rais. Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda ikashikilia msimamo. Mwishoni mwa Julai 2018 tangazo la Rais Trump lilisimamisha msamaha wa ushuru kwa nguo za Rwanda pekee, huku bidhaa zake nyingine zikiendelea kunufaika. Mamlaka yalitoka kwenye sheria ya AGOA, kama Bunge lilivyoirekebisha mwaka 2015. Sentensi yako sasa itasomeka hivi: "Rais Trump, kwa mamlaka aliyopewa na Bunge kupitia sheria ya AGOA, amesimamisha msamaha wa ushuru kwa nguo za Rwanda, kufuatia malalamiko ya wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani." Kichwa cha habari kinaweza kubaki kifupi, aya ya kwanza ndiyo lazima imtaje rais, Bunge, sheria na mlalamikaji.