Namna ya kulitumia neno "kuzaa"

Nafundisha Kiswahili hapa Wete, Pemba, na kitenzi hiki nakisisitiza sana. Kwanza mwangalie anayetajwa. Mbuzi amezaa, mwembe umezaa, hapo sema tu. Mwanamke naye huzaa, lakini mbele ya wakwe au wageni "amejifungua" lina staha zaidi. Ng'ombe hajifungui.

Ukinyambua, ile l iliyofichika hurudi: kuzaliwa, kuzalia, kuzalisha. Kwa hiyo ni "nimezaliwa Konde", na "amemzalia mumewe watoto watatu".

Kuzalisha ndiko kunakotaka uangalifu. "Mkunga amemzalisha" maana yake amemsaidia kujifungua, na kuzalisha umeme hakuna lawama. Lakini "kijana yule kamzalisha binti wa watu" ni tuhuma: kampa mimba, kazaa naye nje ya ndoa. Nawaomba wanafunzi wangu waichunge sentensi hiyo, maana inagusa heshima ya msichana na ya nyumba nzima.

Mzazi ni baba au mama, hilo linajulikana. Ila ukimsikia shangazi anasema "nampelekea mzazi uji", anamkusudia mwanamke aliyejifungua karibuni. Maana hiyo hiyo ndiyo iliyomo katika "wodi ya wazazi".

Na tafadhali, usimwambie mtu "hujazaa bado?", hata kama mmezoeana. Wala usiseme "fulani hazai", kama mti. Ukilazimika kumtaja, sema hajajaaliwa mtoto.