Somo: Kuhakiki joto la mashine ya kutotoleshea kabla ya kupanga mayai

Wakuu, kila wiki ni swali hilohilo: "Themostati inasoma 37.5 ila vifaranga wanatoka siku ya 23 badala ya 21." Inakudanganya, ndani kuna ubaridi. Naandika mara moja tu.

1. Toa sensa (ile ncha ya waya inayopima joto) kwenye kasha, waya ubaki kwenye bodi ya themostati. Bodi isilowe.

2. Ponda barafu, jaza kikombe, ongeza maji ya kujaza mianya tu. Koroga, zamisha ncha bila kugusa kikombe. Isome 0 au karibu yake.

3. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Video zinasema chemsha maji, isome 100. Hiyo ni ya Dar! Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 na ushei. Iringa karibu 95. Ukiilazimisha isome 100 umeongeza karibu nyuzi sita za uongo: kioo 37.5, mayai yako kwenye 32. Hutoi hata kifaranga. Tumia maji ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai. Funga sensa pamoja na kipimajoto cha homa cha dijitali, ncha zilingane, koroga, linganisha. Cha zebaki usikitie kwenye maji yanayozidi 42, kitapasuka.

4. Kwenye W1209 (aina ya bodi ya themostati) shikilia SET, nenda P4, ndiyo ya kusahihisha usomaji, weka tofauti. Inasoma 38.3 na maji ni 37.5? Weka -0.8.

5. Rudisha sensa usawa wa juu ya mayai, mbali na balbu.

MASWALI

– Mkuu, yangu imezidi nyuzi mbili, niweke ngapi?
Hatua ya 4.

– Ndo niweke ngapi sasa?
Soma, ndugu. Mfano upo.

– Kwa nini nisichemshe tu, nihesabu 94 badala ya 100?
Safi, umefikiri. Utajua kosa lake kwenye 94, ila mayai yanakaa 37. Sensa hizi za bei poa hazikosei sawasawa kote, ndiyo maana tunapima palepale zinapofanyia kazi. Barafu ni ya kukuonyesha sensa iliyokufa.

– Kamwene. Nipo Njombe, mashine haina feni. 37.5 hiyohiyo?
Kamwene, dada. Bila feni joto linapanda juu, chini kunabaki baridi. Pima usawa wa mgongo wa mayai, weka 38.5 hivi.

– Na usiku wa Juni huku Uyole balbu hazizimi kabisa, Luku inakimbia.
Toa mashine sakafuni kwanza, izungushie blanketi, matundu ya hewa uyaache wazi.

– Mimi naweka na chupa za maji ndani. Umeme ukikata joto halishuki haraka.
Hiyo nzuri. Zijae, na ziwemo kabla hujawasha.