Somo: Krismasi ya nyumbani Dodoma, kuanzia fungu la jirani

Mbukwenyi ndugu zangu wa Ugogoni, na salamu kwa wa Singida, Kondoa na Mpwapwa. Wengi wenu wanachama wa kundi letu mmeomba somo la kuandaa Krismasi nyumbani bila kuumaliza mfuko. Nimeliandika kwa hatua, na mwishoni nimejibu maswali yenu.

Huku katikati ya nchi Krismasi inaangukia wakati mgumu. Mvua ya msimu wetu mmoja ndiyo kwanza inashika, watu wako shambani wanapanda mtama, uwele, karanga na alizeti, na mavuno hayaji hadi kuanzia Mei. Nyumba nyingi akiba ya chakula imeshapungua. Januari nayo inasubiri na sare na madaftari. Basi nyumba inayopika pilau na nyumba inayokoroga uji mara moja kwa siku zinaweza kuwa zimepakana ukuta. Ndiyo maana hatua yangu ya kwanza haihusu mapambo wala mapishi.

HATUA YA 1: Tenga fungu la jirani kabla ya orodha yako

Kabla hujaandika mchele, kuku na soda, andika jina la nyumba moja. Moja tu inatosha. Tenga fedha yake au vitu vyake pembeni, usiviguse tena. Mwenye kipato cha kuokoteza aanze kibubu Jumapili ya kwanza ya majilio, yaani majuma ya kuingojea Krismasi. Jumapili za majilio ni nne, na chenji ya sokoni ikidondoshwa humo kila siku italeta kitu.

Halafu, na hapa naomba mnisikilize vizuri, fungu hilo lipeleke likiwa bichi, tarehe 22 au 23. Sado ya unga au mchele, mafuta ya alizeti, vitunguu, sukari, chumvi. Sahani ya pilau ukiipeleka saa nane mchana siku yenyewe ni jambo jema, lakini inamkuta mama mwenzako ameshaamka na jiko baridi, watoto wake wameshachungulia kwenye uzio wako tangu asubuhi. Ukimpelekea mapema, atapika kwake, kwa mkono wake, na wanawe watakula kwa mama yao. Anaweza hata kumkaribisha mgeni. Kwangu mimi hiyo ndiyo zawadi kubwa kuliko zote za msimu huu: kumwezesha mtu naye awe mwenyeji.

Kwenye nyumba yenye watoto wa shule ongeza madaftari na kalamu. Shule za serikali hazitozi ada kuanzia msingi hadi kidato cha nne tangu 2016, lakini sare, viatu na madaftari bado ni mzigo wa mzazi, na shule zinafunguliwa Januari. Kwa mkulima, kilo chache za mbegu ya karanga au alizeti wakati huu wa kupanda zinaweza kumfaa kuliko kitenge.

Peleka wewe mwenyewe au mtume mtoto mwenye adabu. Usipige picha.

HATUA YA 2: Pango la udongo

Mti wa Krismasi si lazima. Anayetaka rangi akate kitawi cha mkrismasi, ule unaochanua maua mekundu mwezi huu, akitie kwenye chupa ya maji. Usiangushe mti, mji wetu una jua kali na kivuli ni mali.

Mimi napenda zaidi pango, yaani mfano mdogo wa zizi alimozaliwa Yesu. Desturi hii inahusishwa na Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyeandaa hori lenye ng'ombe na punda kule Greccio, Italia, mwaka 1223, ili watu waone kwa macho Mtoto alizaliwa katika hali gani. Watoto wa kwetu hawahitaji kununuliwa sanamu, maana ng'ombe wa udongo wanajua kuwafinyanga kabla hawajajua kuandika. Mvua ikinyesha udongo unalainika, wape beseni na mchana mzima. Wafinyange ng'ombe, mbuzi, punda, wachungaji na Mtoto Yesu. Waanike kivulini, si juani, la sivyo wanapasuka. Zizi lenyewe lijengwe kama tembe, kwa vijiti na udongo, paa bapa. Ndani wekeni nyasi, na hori mliache tupu mpaka usiku wa tarehe 24.

Kila mtoto anayefanya jambo jema kimyakimya (kuchotea bibi maji, kumpisha mdogo wake) aongeze unyasi mmoja kwenye hori. Hakuna kutangaza nani kaweka. Jaribuni, mtaona watoto wanavyoanza kuchungulia nafasi za kutenda wema.

HATUA YA 3: Vitamu viwili vya hapa hapa

Keki ni nzuri, ila karanga na ubuyu viko mlangoni kwetu.

Kashata za karanga. Chukua karanga nusu kilo, kaanga kwa moto mdogo bila mafuta hadi ziwe za kahawia hafifu, menya kwa kusugua viganjani, pepeta kwenye ungo. Twanga kidogo tu kwenye kinu, zibaki chengachenga. Weka sukari vikombe viwili na maji nusu kikombe kwenye sufuria nzito, kamulia matone machache ya limau, bandika. Sukari ikiyeyuka acha kukoroga. Ikianza kugeuka rangi ya asali, dondosha tone kwenye maji baridi: likivunjika kwa sauti, iko tayari, likinata kama ubani, bado. Epua, tia iliki ya kutwanga na karanga zote, changanya haraka, mwaga kwenye sinia uliyoipaka mafuta, sawazisha kwa mgongo wa kijiko. Kata ingali moto, maana ikipoa inavunjika ovyo. Sukari hiyo inaunguza vibaya, kwa hiyo watoto wakae mbali mpaka hatua ya kukata iishe.

Juisi ya ubuyu. Ubuyu wenye unga wake vikombe viwili, maji lita moja na nusu yaliyochemshwa yakaachwa yapoe hadi vuguvugu. Loweka nusu saa, koroga kwa nguvu mbegu ziachane na unga, chuja, tia sukari kwa kiasi. Wapo wanaouchemsha ubuyu wenyewe. Mimi siupiki, kwa sababu moto mkali unapunguza vitamini C. Inywe siku hiyo hiyo kama huna friji.

Tengenezeni kashata tarehe 23, nyumba nzima, na kila anayekuja kusalimia aondoke na vipande viwili kwenye karatasi.

HATUA YA 4: Mkesha

Jazeni ndoo na madumu ya maji mapema; siku hiyo si ya kuanza kusaka maji. Nguo zinyooshwe mchana. Mkirudi kanisani, au kabla ya kwenda, kaeni pamoja mbele ya pango. Mmoja asome Luka sura ya 2, na ningeshauri asome mtoto anayejikwaa kusoma, taratibu, bila mtu kumharakisha. Mtoto mdogo kuliko wote amweke Mtoto Yesu horini. Imbeni. Kama kuna bibi anayejua kuimba Kigogo, mwachieni aongoze. Mwenye zeze au ngoma apige. Watoto wengi wa mjini Dodoma wanakua bila kusikia sauti hizo ndani ya nyumba zao, na huo ni usiku mzuri wa kuwapa.

HATUA YA 5: Chakula

Pilau mnaijua. Nitasema mambo machache. Mchele kilo mbili unalisha watu kama kumi na watano. Vitunguu, hasa vyekundu vya Singida, vikaangwe hadi viwe kahawia kabisa kabla ya kutia kitunguu saumu, tangawizi na viungo, kwa kuwa rangi ya pilau inatoka hapo, si kwenye unga wa dukani.

Kuku wa kienyeji mnunue wiki mbili kabla, mnadani Msalato au kwa jirani anayefuga, mumlishe nyumbani. Karibu na sikukuu bei hupanda na wanaobaki ni wale waliokonda. Jogoo mkubwa mchemshe kwa moto wa wastani saa moja na nusu au zaidi, na chumvi na tangawizi, kabla ya kumkaanga. Supu yake ndiyo itakayopikia wali. Familia isiyoweza kuku isione haya: maharage ya nazi na chapati ni sherehe kamili, na ugali wa uwele kwa mlenda ni chakula ambacho wageni wa Dar es Salaam wanakikumbuka.

Sahani za kupelekwa nje zipakuliwe kwanza, chakula kikiwa kizima, kabla ya baba wala mgeni. Ni za wanaoishi peke yao, walinzi wa zamu, mzee asiyetoka ndani.

HATUA YA 6: Tarehe 26

Ni siku ya mapumziko kitaifa, itumieni kutembelea. Mkienda hospitali, mwulizeni muuguzi kwanza mgonjwa anaruhusiwa kula nini. Sabuni, maji ya kunywa na nusu saa ya mazungumzo vinafaa kuliko chakula ambacho huenda amekatazwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Nkuhungu: Shikamoo mama. Kashata zangu hazigandi, zinanatanata mpaka kesho yake. Nakosea wapi?

Marahaba mwanangu. Unaepua mapema. Fanya lile jaribio la tone kwenye maji baridi, usikisie kwa macho. Pili, Desemba hewa ina unyevu. Zikipoa tu zitie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Ukiziacha kwenye sahani usiku kucha zitanata hata kama ulizipika sawasawa.

Mwanachama, Kondoa: Majirani zetu karibu wote ni Waislamu na tunapendana. Nitawakaribishaje bila kuwakwaza?

Umwite jirani Mwislamu aje akuchinjie kuku au mbuzi wako; kwetu ni jambo la kawaida na linamfurahisha. Chakula chao kipikwe kwenye vyombo ambavyo havijapikiwa kitimoto, na kama vyako vimepikiwa, sema ukweli, uazime sufuria kwao. Wapo ambao hawapendi kula chakula cha sikukuu yetu. Usimlaumu mtu wala usimlazimishe. Mpelekee kashata siku nyingine, na siku ya Idi nenda ukampe mkono.

Mwanachama, Kibaigwa: Mwaka jana nilimpelekea jirani chakula, akakaa na sahani yangu mwezi mzima, tukawa tunapishana njiani. Nilimkosea?

Hukumkosea, dada yangu, ila nadhani najua kilichotokea. Tumelelewa kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Ulipomwachia sahani ulimwachia na deni, na yeye hakuwa na cha kuweka. Kwa aliyebanwa, mwombe chombo chake uhamishie humo, kisha uondoke na chako. Mwaka huu mpelekee vitu vibichi kwenye mfuko, na siku mbili baadaye mwombe yeye msaada mdogo: akupalilie mstari mmoja au akuazime kinu. Atajua bado ni jirani.

Mwanachama, Chang'ombe: Mama, mimi ndiye niliyebanwa. Baba watoto hana kazi tangu Agosti. Watoto wanaona wenzao wananunuliwa nguo, wananiuliza kila siku. Nifanye nini?

Pole sana mwanangu. Waambie mapema, leo, usingoje tarehe 24. Waketishe uwaambie: mwaka huu nguo mpya hakuna, lakini sikukuu ipo, na tutafanya hivi na hivi. Mtoto huumia zaidi akisubiri kitu mpaka dakika ya mwisho kuliko akiambiwa ukweli. Mitumbani ukipata shati moja kwa kila mtoto, lifue, lipige pasi, lifiche mpaka asubuhi ya siku yenyewe. Usipopata, ile nguo nzuri waliyo nayo ishone vifungo, ikae safi.

Kisha nawe utoe. Usinielewe vibaya, najua huna. Ila una mikono. Wasuke nywele watoto wa jirani tarehe 24, usitake malipo. Wapeleke wanao wakamchotee maji mzee wa mtaa. Watoto wako wakijiona wao ndio waliotoa, hawataikumbuka Krismasi hii kuwa ya kukosa. Na mtu akikuletea unga, upokee kwa mikono miwili, uupike, mle mshibe.

Mwanachama, chuo kikuu: Nimebaki geto, wenzangu wote wamesafiri. Nauli sina. Somo hili linanihusu?

Linakuhusu sana. Nenda ibada ya mkesha, baada ya hapo usikimbie. Salimia watu, sema umebaki peke yako. Dodoma watu hawamwachi mgeni aliyejisema. Ukialikwa, fika asubuhi umenye vitunguu, usifike wakati wa kula. Nanyi mnaosoma hapa mlio karibu na vyuo, wekeni sahani moja ya ziada.

Mwanachama, Manyoni: Mume wangu ni dereva, atarudi tarehe 27. Tule bila yeye?

Kanisani nendeni tarehe 25, watoto wale kitu kizuri. Kuku mmoja abaki hai mpaka baba afike, na kashata zake zikae koponi.

Mwanachama, Mpwapwa: Sina friji. Kikibaki chakula je?

Wali na pilau usivilaze kwenye joto hili. Wali uliokaa nje usiku unaumiza tumbo hata ukipashwa moto. Pika wa kutosha mlo mmoja, kinachobaki gawa jioni hiyo hiyo kingali salama. Supu ya kuku ichemshe tena itokote kabla ya kulala, ifunike usiifunue, na asubuhi ichemshe tena kabla mtu hajaionja. Kachumbari ikibaki, mwaga.